Uyoga wa msituni au wa dukani? Ulinganisho kwa tunaoishi kusini mwa Ujerumani, miaka 40 baada ya Chernobyl

Ikifika Septemba mvua ikanyesha siku mbili tatu, watu wa Bavaria wanaingia msituni na vikapu, na sisi wageni tunafuata maana uyoga mtu umekulia nao, kina mama wa Iringa na Njombe wanaujua vizuri tu, sasa huku unaukuta umejaa chini ya misonobari tena bure, utauachaje. Hapo ndo linakuja lile swali, je si ndo huku mionzi ya Chernobyl ilikofika? Na majibu huwa mawili tu, kuna wa kusema usiguse kabisa utapata kansa, na kuna wa kusema hiyo ilikuwa 1986 bana, imeshaisha zamani. Mi naona wote wanajibu swali ambalo silo. La kuuliza ni hiki ninachotaka kula kimejilisha kwenye tabaka gani la udongo. Ukishajua hilo, kuchagua kunakuwa rahisi hata kama huna kifaa cha kupimia.

Kwanza hesabu fupi. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu namba 4 cha kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl kule Ukraine kililipuka, wingu likazunguka Ulaya, na kusini mwa Ujerumani likakutana na mvua kubwa za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Palipopigwa na mvua siku zile ndo palipochafuka, umbali kutoka Ukraine haukuwa na maana sana. Kusini mwa mto Danube kuna sehemu zilipokea hadi bekereli 100,000 za sesiamu 137 (elementi yenye mionzi) kwa mita moja ya mraba, wakati tambarare za kaskazini ni nadra kuzidi 4,000 (bekereli moja ni atomi moja inayovunjika kwa sekunde, basi). Iodini 131 iliyotisha watu wakati ule inapungua nusu kila siku 8, ikaisha msimu ule ule. Sesiamu 134 nusu yake ni miaka 2, nayo imekwenda. Imebaki sesiamu 137 ambayo nusu yake ni miaka 30 hivi, kwa hiyo ile ya 1986 ikifika 2026 imebaki kama asilimia 40. Haijaisha. Ila hiyo asilimia 40 shambani imekuwa kama haipo, na msituni ipo inazunguka tu, na hapo ndo pa kulinganisha.

Shamba na msitu, mvua ile ile

Sesiamu na potasiamu ni ndugu kikemia, mmea hauwezi kuzitenganisha vizuri, ukiwa na njaa ya potasiamu unabeba na sesiamu. Shambani mkulima analima, kile kilichoanguka juu kinachanganywa chini hadi sentimita 20 au 30, anamwaga mbolea yenye potasiamu mwaka hadi mwaka, mizizi inashiba potasiamu na haihangaiki na kingine. Halafu kuna mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi zina nyufa ndogo sana kwenye kingo zake, atomi ya sesiamu ikiingia humo inabanwa na kutoka ni shida. Matokeo yake mboga, nafaka na maziwa ya Bavaria yalishuka haraka ndani ya miaka michache, na leo ukipima unakuta bekereli chache kwa kilo au chini ya hapo. Kwa hiyo mchicha wako wa kwenye kibustani cha kukodi nyuma ya reli, kula bila wasiwasi.

Msituni hakuna anayelima wala kuweka mbolea. Mwaka 1986 majani na sindano za miti zilidaka sehemu kubwa ya vumbi lile kama chekeche, afu mvua na sindano zilizodondoka zikaishusha chini ndani ya miaka michache. Na ilipofika chini ikakaa. Ukitaka kuona ilipokaa chukua kisu ukate kipande cha sakafu ya msitu wa misprusi (Fichte), kipana kama kiganja. Juu kabisa kuna sindano za juzi, kavu, zinavunjika. Chini yake sindano zilizooza nusu, zimeshikana na ukiziachanisha unaona nyuzi nyeupe nyembamba zinakatika. Chini tena kuna kitu cheusi laini chenye unyevu, kinapaka vidole na kunukia uyoga, na hapo ndo unaanza kugusa udongo wenyewe, mara nyingi wa kijivu wenye mchanga. Lile jeusi na zile nyuzi ndo stoo. Ni tabaka lenye tindikali, halina potasiamu ya kutosha, mfinyanzi karibu hamna, kwa hiyo hakuna wa kuibana sesiamu. Na nyuzi zile ni uyoga wenyewe, ule tunaouchuma ni tunda tu, mwili uko humo chini, unanyonya sesiamu, unaishikilia, nyingine unaupa mti, mti unaipandisha kwenye sindano, sindano inadondoka, inaoza, nyuzi zinaichukua tena. Mzunguko hauna mahali pa kutokea. Hata kushuka kwenda chini ni kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa mwaka, na mito haiibebi kiasi cha maana. Kwa hiyo msituni inapungua kwa saa yake yenyewe ya miaka 30 na zaidi ya hapo ni kidogo sana, wakati shambani ilitoka kwenye chakula mapema hata kama bado imo ardhini.

Uyoga kwa uyoga

Watu wanasema uyoga una mionzi, wanaweka wote kapu moja. Ukweli ni kwamba ndani ya msitu mmoja, hatua kumi kutoka hapa hadi pale, uyoga wa aina mbili unaweza kutofautiana mara mia. Ule unaoishi kwa ubia na mizizi ya miti na nyuzi zake zikiwa kwenye lile tabaka jeusi ndo unaobeba. Ule unaoishi kwa kuozesha majani ya juu juu, au magogo, au nyasi za malishoni, unabeba kidogo.

Wanaoongoza ni Semmelstoppelpilz (ule wenye vimiba chini ya kofia badala ya mapezi), Reifpilz, Trompetenpfifferling, na Maronenröhrling. Huu wa mwisho ndo wa kuangalia maana ndo unaochumwa sana, kofia ya kahawia ya kung'aa, chini sponji ya njano ambayo ukiiminya kwa kidole inageuka buluu palepale. Ile rangi ya kahawia kwenye ngozi ya kofia inashikamana na sesiamu kikemia, kwa hiyo ngozi ina nyingi kuliko nyama. Kwenye maeneo yaliyopigwa vibaya hizi aina bado zinafika bekereli elfu moja na kitu kwa kilo ya uyoga mbichi, na mara nyingine zaidi. Kati kati wako Steinpilz na Pfifferling, makumi hadi mamia. Chini kabisa Parasol, Champignon wa malishoni, na ule unaoota kwenye magogo.

Kipimo cha kisheria cha biashara Ujerumani ni bekereli 600 kwa kilo kwa vyakula vingi, 370 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga. Hicho ni cha kuuza, ukichuma mwenyewe ukala mwenyewe hakuna sheria inayokufuata. Uswidi walipandisha hadi 1,500 kwa uyoga na matunda ya pori, nyama ya pori na paa barafu (reindeer), hiyo ni 1987, maana wafugaji wa Kisami, wenyeji wa kaskazini wanaofuga paa hao, wangekosa kabisa cha kuuza. Sasa uyoga wa bekereli 1,000 ni halali sokoni Uswidi na si halali Munich, na ni uyoga ule ule na tumbo ni lile lile. Ndo ujue hizi namba ni mistari ya kiutawala, si kwamba ukivuka 601 unaanguka.

Na wa dukani je? Hapa wengi tunajidanganya. Champignon na Austernseitling za kwenye vibox zinalimwa ndani, ziko safi kabisa. Lakini Pfifferling huwezi kuilima kirahisi hivo, inataka mti hai, kwa hiyo hata ya supamaketi ni ya msituni, na nyingi zinatoka Ulaya Mashariki. Tofauti ni kwamba lazima iwe chini ya 600. Kwa hiyo chaguo kati ya Pfifferling ya dukani na ya kuchuma mwenyewe ni chaguo kati ya msitu na msitu, angalia tu ni upi. Taasisi ya serikali ya kinga ya mionzi, BfS, inataja maeneo yanayoongoza mpaka leo: Bayerischer Wald na sehemu ya Oberpfalz inayopakana nayo, Donaumoos kusini magharibi mwa Ingolstadt, pande za Mittenwald, na Berchtesgadener Land. Mtu wa Hamburg au Berlin akichuma nje ya mji wake kesi yake ni ndogo sana.

Matunda madogo ya msituni, zile Heidelbeere (bluberi) za porini, yako katikati, kwa kawaida chini ya uyoga mbaya. Kichaka chake kinatia mizizi kwenye lile lile tabaka jeusi, ndo maana. Zile kubwa za dukani zinalimwa, nyama yake ndani ni nyeupe haipaki ulimi, hazihusiki.

Nguruwe pori au paa?

Wengine hapa dini imeshawaamulia zamani, rukeni. Kwa wanaokula: paa wa huku na kulungu wanabeba sesiamu kidogo, inapanda wakati wa vuli wanapokula uyoga halafu inashuka. Nguruwe pori ni habari nyingine. Tangu 1986 wataalamu walitegemea atashuka kama wenzake, hakushuka, miaka inakwenda bado anakutwa na bekereli elfu kadhaa kwa kilo. Sababu ni pua yake. Anachimba uyoga unaoota ardhini usiotokeza juu, wenyeji wanauita Hirschtrüffel, kwa binadamu hauliki, nguruwe anaupenda hasa baridi ikianza na chakula cha juu kimeisha. Uyoga huo uko chini kwenye udongo, na sesiamu inayoshuka milimita kwa milimita ndo kwanza inaufikia. Kwa hiyo wakati stoo ya juu inapungua, mezani kwa nguruwe chakula kinaongezeka.

Na si ya Chernobyl peke yake. Mwaka 2023 watafiti wa TU Wien (chuo kikuu cha ufundi cha Vienna) na chuo cha Leibniz cha Hannover walichapisha vipimo vya sampuli 48 za nguruwe pori wa Bavaria, asilimia 88 zilizidi kile kipimo cha 600. Walilinganisha sesiamu 135 na 137, maana ya bomu na ya kinu zina uwiano tofauti, wakakuta majaribio ya mabomu ya nyuklia yamechangia kati ya asilimia 10 na 68 kutegemea sampuli. Majaribio ya angani ya miaka ya hamsini na sitini! Ile ilitangulia kushuka, ikawasubiri Hirschtrüffel kule chini, na ya Chernobyl inakuja nyuma yake. Mi hii ndo iliyoniondolea kabisa mawazo ya kwamba udongo wa msitu unasahau.

Kivitendo lakini nyama ya nguruwe pori kwa mwindaji wa Bavaria aliyesajiliwa si ya kuogopa, wana vituo vyao vya kupimia, ikizidi 600 hairuhusiwi kuuzwa na serikali inamlipa fidia, kwa hiyo hana sababu ya kuificha. Ya kupewa na jirani mlangoni bila kipimo, uliza kwanza.

Msitu wa Chernobyl wenyewe, na wa Fukushima

Nimewasikia watu wakiuliza kwanini wasisafishe tu msitu yaishe. Wamejaribu, na matokeo hayafanani.

Karibu na kinu cha Chernobyl misonobari ilipigwa dozi kubwa hadi ikafa imesimama, sindano zikawa rangi ya kutu, ukaitwa Msitu Mwekundu. Waliisukuma kwa tingatinga wakaifukia kwenye mitaro ya mchanga. Ilionekana imeisha, kumbe kuna strontiamu 90, yenyewe ni ndugu wa kalsiamu, mchanga hauishiki, ikaanza kutembea na maji ya ardhini, na miti iliyopandwa juu ya mitaro ikaivuta juu kwa mizizi. Sehemu kubwa ya msitu wa ule ukanda uliofungwa kwa watu waliamua kuacha. Na kuacha nako kuna bei yake, Aprili 2020 moto mkubwa uliwaka humo ukainua moshi wenye sesiamu, kiasi kilichofika mbali kilikuwa kidogo ila wazima moto ndo walioko ndani yake. Tena kuna amerisiamu 241, hiyo badala ya kupungua bado inaongezeka kwa sababu inazaliwa na plutoniamu 241, lakini hiyo ni ya karibu na kinu, Bavaria haikufika kwa kiasi cha kuongelea.

Fukushima kule Japani, kituo cha nyuklia kilipoharibika Machi 2011, sesiamu ni ile ile lakini udongo mwingine. Kule kuna joto na mvua zaidi, majani yaliyodondoka yanaoza haraka, halikai tabaka nene jeusi kama la huku, kwa hiyo ndani ya miaka michache tu sehemu kubwa ya sesiamu ilitoka kwenye majani ikaingia sentimita chache za juu za udongo wenye madini, na ikakutana na mfinyanzi ukaibana. Habari njema kwa mito, inayotoka msituni kwa mwaka ni chini ya asilimia 1. Kama asilimia 70 ya mkoa ule ni msitu na milima, kukwangua yote haiwezekani, walikwangua mita 20 tu kutoka kwenye nyumba na mashamba. Pamoja na uchache huo, ukijumlisha na udongo wa mashamba na mijini, zimefika kama mita za ujazo milioni 14 zilizorundikwa kwenye miji ya Okuma na Futaba, na sheria inasema ziwe zimeondoka mkoani ifikapo Machi 2045. Zinakwenda wapi, hapo ndo mgogoro.

Kipimo chao cha chakula ni bekereli 100 tangu Aprili 2012, kali kuliko Ulaya, na bado uyoga wa pori na machipukizi ya mti unaoitwa koshiabura yanazuiwa kuuzwa sehemu nyingi. Kilichowauma zaidi ni magogo. Fukushima ilikuwa inauzia mikoa mingine magogo ya mwaloni ya kuoteshea shiitake, sasa gogo likizidi bekereli 50 kwa kilo halifai kwa uyoga, na kuni zikizidi 40 hazifai kuchomwa, maana zikiungua sesiamu karibu yote inabaki kwenye majivu kidogo na majivu yakifika 8,000 yanakuwa taka maalumu.

Kwa hiyo kati ya kukwangua, kufukia na kuacha, kwa msitu mi nachagua kuacha na kubadili kinachofika mezani. Wanorwei ndo walivofanya na kondoo na paa barafu, wanawapa kidonge cha kemikali ya buluu inayoshika sesiamu tumboni isiingie damuni, au wanawashusha mlimani wiki kadhaa kabla ya kuchinja wakale malisho safi. Mnyama anajisafisha haraka, udongo huwezi kuuambia ujisafishe.

Sufuriani

Sesiamu inayeyuka kwenye maji. Ukikata uyoga vipande ukauchemsha maji mengi yenye chumvi, ukayamwaga, unapoteza sehemu kubwa ya sesiamu, Wafini wana kawaida ya kuchemsha aina fulani hivo hivo hata bila sababu ya mionzi. Ukikaanga moja kwa moja au ukapika mchuzi wa nazi na maji yake yote, humwagi kitu. Maronenröhrling menya na ngozi ya kofia. Ladha inapungua ndiyo, Steinpilz ya kuchemsha na kumwaga ni dhambi, huo mi naukaanga na siagi kama ulivyo.

Na dozi yenyewe: gramu 200 za uyoga wa bekereli 3,000 kwa kilo, yaani mbaya kweli, ni kama mikrosivati 8 (hicho ni kipimo cha mionzi ambayo mwili unapokea). Mkazi wa Ujerumani anapata mikrosivati 2,100 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, hata ndizi ina bekereli mia na kitu za potasiamu 40 kwa kilo. Ukila sahani hiyo mbaya kila wiki mwaka mzima unafika kama 400, hapo si sifuri tena lakini si kifo. Mara moja moja kwa msimu, mtu mzima, hakuna cha kukunyima usingizi. Mjamzito na watoto wadogo mi nawapa Champignon ya dukani, si kwamba watadhurika na sahani moja, ila kwanini uongeze wakati mbadala ni euro mbili.

Kinachoua kweli msituni ni Knollenblätterpilz ya kijani. Mwaka 2015 wakimbizi wengi walilazwa hospitali za Ujerumani kwa kuila wakidhani ni ile ya kwao, na kuchemsha hakuitoi sumu. Mtu aliyezoea uyoga wa Njombe yuko kwenye hatari hiyo hiyo, kwa hiyo kabla ya kuwaza bekereli mpelekee kikapu mshauri wa uyoga, miji mingi ya Bavaria inao na baadhi hawatozi.

Ukitaka namba ya kapu lako mwenyewe, Umweltinstitut ya Munich inapima sampuli za watu. Na kama unakausha ili upeleke nyumbani Desemba, kumbuka uyoga mkavu umepoteza maji kama sehemu tisa kati ya kumi, kwa hiyo bekereli kwa kilo zinaonekana mara kumi zaidi na mtu akiupima hivo hivo atashtuka. Gawa kwa kumi kwanza ndo ulinganishe na 600, halafu waambie kina mama waloweke na wayamwage yale maji, wasiyatumie kwenye mchuzi.